Fonti Mpya Kompyutani: Kusakinisha ni Dakika Moja, Kazi Iko Kabla na Baada

Leo kona yetu inafunguliwa na mdogo wangu mmoja wa Bujumbura. Mchana yuko Zone Industrielle, eneo la viwanda, anaandika risiti na hati za mizigo kwenye ghala. Jioni akirudi nyumbani mtaa wa Buyenzi anawasha kompyuta yake na kutengeneza kadi za harusi na za ubatizo, pamoja na lebo za watu wanaouza sabuni, asali na juisi. Ananiandikia hivi:

"Shikamoo dada. Nilipakua fonti moja nzuri ya mwandiko wa mkono, ile yenye mikia mirefu. Nikaiweka kwenye kompyuta, nikapanga kadi ya harusi, ikapendeza kweli. Nikaibeba kwa flashi hadi duka la kuchapisha. Kufungua tu, herufi zote zimekuwa za kawaida, majina yameruka mstari, na neno la Kifaransa lenye é lina kisanduku kitupu. Mama wa bibi harusi amesimama pale pale anatazama. Dada, nilikosea wapi kwenye kusakinisha?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nikuambie jambo ambalo pengine hukulitegemea: kwenye kusakinisha hukukosea hata kidogo. Fonti iliingia vizuri, ndiyo maana nyumbani ulifurahi. Shida ilianzia mapema, ulipoichagua bila kuipima, ikaja kuonekana baadaye, ulipoipeleka kadi kwa mchapaji bila fonti yake. Watu wengi hutafuta msaada wa kubofya tu. Kubofya hakuchukui dakika. Leo nataka tukae kwenye yale yanayotangulia na yanayofuata, kwa sababu hapo ndipo mteja anapopatikana au anapopotea.

Hati yako haibebi herufi, inabeba jina

Fonti ni faili kama mafaili mengine. Ndani yake mna michoro ya herufi, mmoja mmoja: mchoro wa a, mchoro wa B, mchoro wa 7, mchoro wa mkato. Unapoandika kadi kwenye Word, hati yako haichukui michoro hiyo. Inaandika jina la fonti tu, na kila inapofunguliwa inaiomba kompyuta iliyopo iitafute fonti yenye jina hilo. Kompyuta ya duka ikiikosa, haikuulizi. Inaweka fonti nyingine iliyo nayo. Na kwa kuwa herufi za fonti hiyo nyingine ni pana zaidi au nyembamba zaidi, mistari inavunjika na majina yanaruka.

Kile kisanduku kitupu ni shida nyingine kabisa. Kinatokea pale ambapo fonti inayotumika, iwe yako au ile iliyowekwa badala yake, haina mchoro wa herufi uliyoiomba. Aliyeitengeneza alichora e, lakini é hakuichora. Mara nyingine programu huazima é kutoka fonti nyingine, nayo inakaa pale imesimama wima katikati ya mwandiko uliolala. Mara nyingine inakuachia kisanduku.

Kwa hiyo una maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Tuanze na la herufi zisizokuwepo, maana hilo huzuiliwa kabla hujapakua chochote.

Ipime fonti kwa lugha za mji wako

Mtu wa Tanga au Mombasa anayeandika Kiswahili peke yake anaweza kuchukua karibu fonti yoyote na isimsumbue. Kiswahili kinatosheka na herufi za kawaida na kile kialama cha ng', bila alama juu wala chini ya herufi. Bujumbura mambo si hayo. Kadi moja ya Buyenzi inaweza kuanza na Bismillahi kwa Kiarabu, ikafuata na majina ya Kirundi, mwaliko ukawa wa Kiswahili, na mahali na saa vikaandikwa kwa Kifaransa. Fonti moja inatakiwa ipite kwenye lugha tatu au nne kabla mgeni hajafika chini ya kadi. Watengenezaji wengi wa fonti za mapambo za bure huchora A hadi Z, tarakimu na alama chache, wakaishia hapo. Wewe unaiona imeandika "Karibuni" vizuri, unaridhika. Siku ya "cérémonie" ndipo unaaibika.

Tovuti nyingi za fonti zina kisanduku cha kuandika maneno yako mwenyewe ili uone yatakavyokuwa kabla hujapakua. Usiandike jina lako pale. Andika mstari huu, na uuhifadhi kwenye simu ili uwe unaunakili kila mara:

Éé Èè Êê Àà Çç Ôô Œœ ng'ombe n'abavyeyi Nshimirimana Bujumbura 0123456789 20 000 FBu

Kila kipande hapo kina kazi. Zile za mwanzo ni herufi za Kifaransa, na nimeweka kubwa na ndogo kwa makusudi, kwa sababu fonti nyingine ina é ndogo lakini É kubwa haina. "Ng'ombe" na "n'abavyeyi" zinakagua kile kialama cha juu. Kirundi kinakitumia kila mstari, nacho kwenye fonti za mapambo mara nyingi hakipo, au kimekaa mbali hadi neno linaonekana kama maneno mawili. Tarakimu ni za tarehe, saa na namba ya simu. Fonti yenye 1 inayofanana na 7 itapeleka wageni wako kwenye namba ya mtu mwingine.

Halafu litazame lile jina, Nshimirimana. Hesabu vijiti vyake: i ina kimoja, m ina vitatu, i kimoja, r kimoja, i kimoja, m vitatu tena. Kwenye fonti ya mwandiko iliyobanana, vijiti hivyo vyote vinashikana na jicho halioni tena m inaishia wapi na i inaanzia wapi. Majina ya Kirundi ni marefu na yana m, n na i nyingi. Fonti iliyochorwa kwa ajili ya majina mafupi ya Ulaya inaweza kuwa nzuri sana kwa "Anna" na ikalivuruga jina la bwana harusi wako. Na tafadhali, usiandike jina zima kwa herufi kubwa za fonti ya mwandiko. Herufi kubwa zile zilichorwa zisimame peke yake mwanzoni mwa jina. Ukizipanga kumi na mbili mfululizo, hata mwenye jina hatajitambua.

Fonti ikifeli mstari huo, iache, hata kama mikia yake imekuvutia namna gani. Ziko nyingine nyingi.

Pa kuchukulia, na karatasi ya ruhusa

Kwa anayeanza, ningependa uzoee sehemu mbili kwanza. Ya kwanza ni Google Fonts, iliyoanzishwa mwaka 2010. Fonti zake zote zina leseni huria: unaruhusiwa kuzitumia nyumbani, kazini na kwenye bidhaa ya kuuza, bila kulipa. Humo zimo fonti za Noto, mradi ambao Google waliuanzisha ili visanduku vitupu viishe kwenye maandishi ya dunia. Walipoutangaza kwa ukubwa mwaka 2016 walisema unafikia lugha zaidi ya 800. Noto haina mikia wala maua, lakini ukiwa na maandishi madogo chini ya kadi kwa lugha tatu, haitakuangusha.

Ya pili ni SIL, shirika linaloshughulika na lugha za dunia kwa miaka mingi. Hao ndio wenye Gentium, fonti ya vitabu yenye alama nyingi sana, na pia wenye Andika. Ndiyo, jina ni la Kiswahili. Andika ilichorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, kwa hiyo kila herufi ina sura yake: I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani. Kama una mdogo wako chuoni anayeandika kuhusu Kirundi na anahitaji alama za toni juu ya irabu, zile ambazo fonti za kawaida huziharibu, mpe Gentium au Andika na atakushukuru.

Iko pia DaFont, ambayo vijana wengi wanaijua kwa fonti zake za mapambo. Siwakatazi. Lakini pale mwe na tahadhari mbili. Kwanza, kwenye machaguo yake kuna sehemu ya kuonyesha fonti zenye alama za herufi peke yake, iwashe. Pili, soma maneno madogo kando ya jina la kila fonti. Ukikuta imeandikwa kuwa ni bure kwa matumizi binafsi, "gratuit pour un usage personnel", maana yake ni kadi ya harusi ya dada yako ambayo hukumtoza mtu. Kadi uliyolipwa ni biashara. Lebo ya sabuni ni biashara zaidi.

Hapa nataka nikae kidogo na wewe wa Zone Industrielle, kwa sababu eneo lako lote linaishi kwa lebo. Kuanzia chupa zinazotoka kiwanda cha Brarudi hadi katoni zinazopakiwa kwenye malori, kila kinachovuka geti kina maandishi. Leo unamtengenezea lebo mama anayepika sabuni nyumbani, vipande hamsini kwa wiki. Biashara yake ikikua, lebo ile ile itakuwa kwenye maduka ya Gitega na Ngozi, pengine ng'ambo ya mpaka Uvira. Mwenye fonti akiiona na akasema hukumlipa, anayebeba mzigo ni yule mama aliyekuamini, si wewe peke yako. Burundi ina sheria ya mwaka 2005 ya kulinda haki za watunzi, na mchoraji wa fonti naye ni mtu wa kazi kama wewe. Ukitaka kazi yako iheshimiwe, heshimu yake.

Njia ni nyepesi. Ukifungua faili ulilopakua, mara nyingi utakuta ndani karatasi ndogo ya maandishi, jina lake "OFL", "license" au "lisez-moi". Usiifute. Ikiwa ni OFL, yaani leseni huria ya SIL ambayo toleo lake linalotumika sana, la 1.1, lilitoka mwaka 2007, una ruhusa ya kuitumia fonti hiyo kwenye kazi ya kuuza. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Tengeneza folda moja, iite "Fonti zangu", na kila fonti uiwekee humo faili lake la asili pamoja na karatasi ya leseni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ruhusa nayo ni mali.

Mlinzi wa mlangoni: tazama mwisho wa jina

Sasa umepakua. Kabla hujabofya chochote, angalia faili linaishia na nini. Fonti halali ya kompyuta kwa kawaida huishia na .ttf au .otf. Ya kwanza ni TrueType, aina iliyoletwa na Apple mwaka 1991 na kuingia kwenye Windows mwaka uliofuata. Ya pili ni OpenType, ambayo Microsoft na Adobe waliitangaza mwaka 1996. Kwa kazi yako zote mbili ni sawa. Ukiona .zip, hilo ni furushi, na fonti zimo ndani. Ukiona .woff, hiyo ni ya kurasa za intaneti na Windows haitaisakinisha. Rudi utafute ya kompyuta.

Ukiona .exe, funga mkono. Faili la fonti haliishii na .exe kamwe. Mwaka 2017 wahalifu waliwasumbua watu kwa ujanja huu huu. Mtu alikuwa akifungua ukurasa kwenye Chrome, maandishi yanatokea yamevurugika, kisha kisanduku kinamwambia kwamba fonti iitwayo HoeflerText haikupatikana, aipakue ili asome. Aliyekubali alipakua programu ya .exe, na wengine mafaili yao yakafungwa hadi walipe fidia. Kisanduku kilifanana kabisa na cha Chrome chenyewe. Kwa hiyo ukurasa wowote ukikuambia "huwezi kusoma mpaka upakue fonti", ondoka.

Windows kwa kawaida huficha herufi hizo za mwisho, na faili liitwalo "mariage.ttf.exe" linaonekana kama "mariage.ttf" tu. Kwenye kompyuta yenye Windows ya Kifaransa, fungua dirisha la mafaili, nenda "Affichage", tafuta "Extensions de noms de fichiers" na uweke alama. Fanya hivyo mara moja, itakulinda kwenye mambo mengi zaidi ya fonti.

Na usiache kusasisha Windows. Mwaka 2011 kirusi kilichoitwa Duqu kiliingia kwenye kompyuta kwa hati ya Word iliyobeba fonti yenye ubaya ndani. Microsoft waliziba tundu hilo Desemba mwaka huo huo. Asiyesasisha alibaki na mlango wazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tusakinishe

Nitatumia maneno ya Windows ya Kifaransa, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnayo.

1. Funga Word, Publisher, CorelDRAW au programu yoyote unayotengenezea kadi. Programu nyingi husoma orodha ya fonti zinapoanza, kwa hiyo fonti uliyoiweka wakati programu iko wazi inaweza isionekane.

2. Fungua folda ya "Téléchargements". Kwenye lile furushi la .zip, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Extraire tout". Usisakinishe kutoka ndani ya furushi, litoe kwanza. Likigoma kufunguka, pengine umeme au mtandao ulikatika katikati ya kupakua na faili limekuja nusu. Lifute, upakue upya. Fonti nyingi ni ndogo, hazifiki hata megabaiti 1, hivyo hazitakumalizia vifurushi vya simu.

3. Ukikuta folda ndani yake inaitwa "static" na kando yake faili lenye neno "VariableFont", ingia kwenye "static". Ile nyingine ni aina mpya inayobeba unene wote kwenye faili moja, na programu za zamani haziielewi vizuri.

4. Chagua Regular, Bold, Italic na BoldItalic, zote nne kama zipo. Ukiweka Regular peke yake halafu ukakoleza maneno kwenye Word, Word itanenepesha herufi zenyewe kwa nguvu, na kwenye karatasi zitaonekana zimevimba.

5. Bofya kitufe cha kulia juu yake. Utaona "Installer" na "Installer pour tous les utilisateurs". Tangu mwishoni mwa mwaka 2018, kwenye Windows 10, "Installer" peke yake inaiweka fonti kwa ajili yako wewe uliyeingia, na programu kadhaa za zamani za michoro haziioni ikiwa hapo. Chagua ile ya watumiaji wote. Itaomba ruhusa ya msimamizi. Kwako nyumbani msimamizi ni wewe.

6. Fungua Word, andika tena ule mstari wetu wa kupima, uchapishe kwenye karatasi ya kawaida. Skrini huficha mengi. Karatasi haifichi.

Hizo ndizo hatua zote. Na kompyuta ya ghala uiache. Ile ni ya mwajiri, na kuweka vitu bila ruhusa, hata fonti, kunaweza kukuletea maneno.

Safari ya kwenda kwa mchapaji

Hapa ndipo kadi yako ilipoharibikia. Dawa kubwa ni PDF. Ukiwa na Word, bofya "Fichier", kisha "Enregistrer sous", na kwenye aina ya faili uchague PDF. PDF inabeba michoro ya herufi ndani yake, kwa hiyo duka likiwa na fonti yako au lisiwe nayo, kadi inatoka ile ile. Kabla hujatoka nyumbani, ifungue hiyo PDF kwenye Adobe Reader, bofya "Fichier", "Propriétés", halafu "Polices". Kila fonti iliyoorodheshwa pale inatakiwa iwe na neno "incorporé" kando yake. Isiyokuwa nalo ndiyo itakayokuumbua.

Mchapaji akikuambia anataka faili la Word ili alirekebishe, nenda "Fichier", "Options", "Enregistrement", uweke alama kwenye "Incorporer les polices dans le fichier". Ziko fonti ambazo watengenezaji wamezifunga zisibebwe hivyo, ndiyo maana bado nasema PDF itangulie. Kwa anayetumia CorelDRAW, teua maandishi yote na uyageuze kuwa michoro kwa Ctrl na Q, lakini fanya hivyo kwenye nakala. Maandishi yakishageuzwa huwezi tena kusahihisha jina, na jina la mkwe lililokosewa halina msamaha.

Hata barua ya kawaida ina mtego wake. Tangu 2007 Word ilikuwa ikianza na Calibri. Kuanzia mwaka 2023 Microsoft walileta Aptos ichukue nafasi hiyo. Kwa hiyo barua ya kuomba kazi uliyoiandika kwenye kompyuta mpya ya binamu yako, ukaenda kuichapisha kwenye duka lenye Word ya zamani, itafunguka kwa fonti nyingine, na ukurasa mmoja unaweza kumwagika ukawa mmoja na mistari miwili. Ipeleke ikiwa PDF.

Na kwenye lebo nakuomba jambo moja zaidi. Jina la bidhaa lipambe utakavyo. Lakini viungo, uzito, tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo uviandike kwa fonti nyoofu, kama Noto Sans au Andika, kwa ukubwa ambao bibi anaweza kuusoma dukani bila kuomba msaada. Pale uzuri hauna kazi. Mtu anasoma ajue kama kitu hicho kinamfaa mtoto wake.

Bismillahi kwenye kadi

Wasomaji wangu wa Buyenzi wengi hutaka Kiarabu juu ya kadi. Kiarabu kina sharti lake: herufi hubadilika sura kulingana na mahali zilipo kwenye neno, na hushikana. Fonti ya Kilatini haiwezi hilo, na programu za michoro za zamani nyingi hazilijui hata ukiwa na fonti sahihi. Matokeo yake ni herufi zilizotengana, zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kila anayesoma Kurani ataona kosa kabla hajafika kwenye jina la bibi harusi.

Sakinisha Amiri, inayopatikana bure kwenye Google Fonts. Imefuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Kairo za mwaka 1905, nayo ina heshima inayoifaa kazi hii. Andika Kiarabu chako kwenye Word, si kwenye programu ya zamani ya michoro, uitoe kama PDF. Kisha mwonyeshe ustadhi au mwalimu wa madrasa aisome kwenye karatasi kabla hujachapisha nakala mia mbili. Kuuliza si ujinga, na hili si jambo la kubahatisha.

Maswali mafupi mliyonitumia

Fonti nimeisakinisha lakini haionekani. Funga programu kabisa uifungue upya. Ikikataa, washa kompyuta upya. Ikikataa tena, iondoe na uiweke kwa watumiaji wote. Tena angalia jina: faili linaweza kuitwa hivi na fonti ndani ikajiita vingine.

Kompyuta yangu ni Mac, au ni Linux. Kwenye Mac bofya faili mara mbili, litafunguka kwenye Livre des polices, halafu usakinishe. Kwenye Linux, liweke kwenye folda ya .local/share/fonts ndani ya folda yako ya nyumbani, kisha uandike amri fc-cache -f.

Nikiwa na fonti elfu moja ni vibaya? Ndiyo. Programu zitachelewa kufunguka na wewe utapotea kwenye orodha. Nenda "Paramètres", "Personnalisation", "Polices", uondoe usizozitumia. Lakini Arial, Segoe UI, Tahoma na Times New Roman usiziguse. Windows yenyewe na hati za watu zinazitegemea.

Rafiki amenipa flashi yenye fonti mia tano za bure. Shukuru, halafu usisakinishe hata moja usiyoijua ilikotoka. Hazina leseni, hujui zimepitia mikono gani, na nyingi zitafeli mstari wetu. Tafuta fonti tano au sita unazozijua ndani nje: mbili za mwandiko zenye é na zinazosomeka, moja ya vitabu, moja nyoofu kwa maandishi madogo, na Amiri. Fundi wa kadi anayezijua fonti sita atamshinda mwenye mia tano asizozijua.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kwa oda inayokuja fanya hivi. Mwambie mteja akuandikie majina yote na lugha zote kwenye karatasi kabla hujachagua fonti. Ipime fonti kwa majina hayo hayo. Soma leseni. Sakinisha. Chapisha karatasi moja ya majaribio, mteja aitie sahihi. Toa PDF, ikague "Polices", ndipo upande basi. Bei yako isiwe ya mikia ya herufi peke yake. Iwe ya uangalifu huo, na uitaje bila kuona haya, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yenyewe unayoifanya.

Wengine wenye swali la kompyuta ya nyumbani, iwe printa inayogoma au flashi inayokula mafaili, niandikieni. Tuonane toleo lijalo.

Dada yenu.